Shajara ya mradi: kurekebisha umeme wa pikipiki ya zamani, Uyole, Mbeya

Mwanzo wa Mei: hali ilivyo

Mvua zimeanza kupungua hapa Uyole, na banda la nyuma sasa lina nafasi kavu ya kutosha kuiingiza pikipiki ya baba mdogo, aliyekuwa bwana shamba upande wa Rungwe na aliyeitumia kwa miaka mingi kuwafikia wakulima wa viazi na pareto waliokuwa mbali na barabara ya lami. Ni Honda ya CC 125 yenye umeme wa volti 12, inayowashwa kwa kiki tu, na injini yake ni ya ile jamii ya CG ambayo valvu zake husukumwa kwa fimbo ndefu zinazopanda kutoka chini. Honda ilianza kuitengeneza CG125 katikati ya miaka ya 1970, na muundo wake ulinakiliwa baadaye na viwanda vingi vya China, ndiyo maana vipuri vingi vya bodaboda vinavyouzwa Mwanjelwa huingia kwenye pikipiki hii bila kuchongwa. Jambo hilo ni neema kwa mwenye chombo cha zamani, lakini hapa limeleta hasara pia, kwa sababu kipuri kinachopatikana kwa urahisi hununuliwa kabla mtu hajapima kitu.

Malalamiko ya baba mdogo ni matatu, na nimeyaandika kama alivyoyasema kabla sijagusa waya wowote. Betri hufa pikipiki ikikaa siku chache bila kutumika, ingawa betri yenyewe si ya zamani. Taa kubwa hutoa mwanga hafifu, na indiketa hugoma kupepesa injini ikiwa katika mzunguko wa chini. Tena injini huzimika ghafla, hasa kwenye ukungu na manyunyu ya Isyonje na Ntokela, kwenye njia ya Rungwe, kisha baada ya muda mfupi hukubali kuwaka na kuendelea vizuri. Mafundi waliopita walibadilisha betri, rektifaya (kifaa kinachogeuza umeme wa injini uweze kuchaji betri), koili ya plagi na kisanduku cha CDI (kinachotoa cheche ya plagi kwa wakati wake), lakini malalamiko yakabaki yaleyale.

Ukiitazama orodha hiyo ya vipuri utaona kwamba vifaa vimebadilishwa karibu vyote, ilhali hakuna mahali palipotajwa waya, soketi wala sehemu ambayo hasi hufungwa kwenye bodi, yaani chuma cha pikipiki chenyewe. Nimejiwekea sharti kwamba katika mradi huu hakitanunuliwa kipuri chochote mpaka kipimo kionyeshe kwa namba kuwa kilichopo hakifai. Vifaa vyangu ni multimita ya bei ndogo, balbu ya breki ya wati 21 iliyofungwa nyaya mbili, msasa laini, na koleo la kubania vichwa vya nyaya.

Wiki hiyohiyo: kuchora ramani ya nyaya

Nimetoa tanki, kiti na taa ya mbele, nikafuata kila waya kutoka unakoanzia mpaka unakoishia, nikiuchora kwenye karatasi kubwa pamoja na rangi yake. Kazi hii inachosha, lakini kwa pikipiki iliyopita mikononi mwa mafundi wengi haina mbadala, kwa kuwa ramani ya kiwandani inaonyesha nyaya zilivyokuwa zamani na haiwezi kuonyesha zilivyo leo.

Rangi zinasaidia pale tu unapojua ni za nani. Kwa Honda, kijani ni hasi inayorudi kwenye bodi, nyekundu ni chanya ya betri isiyopita kwenye swichi, na nyeusi ni chanya inayopata moto baada ya ufunguo kufunguliwa. Yamaha hutumia nyeusi kuwa hasi, na Suzuki hutumia nyeusi yenye mstari mweupe kuwa hasi, ilhali kwa Honda waya wenye rangi hizo mbili ndio unaozima injini. Fundi aliyezoea aina moja, akifanya kazi kwenye aina nyingine kwa kutumainia rangi, anaweza kupeleka chanya kwenye bodi akaunguza msafara mzima wa nyaya. Katika pikipiki hii nimekuta waya wa taa ya nyuma ulioongezwa baadaye, mweusi kutoka mwanzo hadi mwisho, ukifanya kazi ya hasi. Nimeuwekea alama ili uondolewe na kijani kirudishwe mahali pake.

Nimegundua mambo mengine mawili yenye uzito zaidi. La kwanza ni kwamba ndani ya kishikio cha fyuzi hamna fyuzi, bali uzi wa shaba uliosokotwa, na uzi wa aina hiyo huacha umeme upite mpaka kitu kingine kiungue kabla yake. La pili ni kwamba taa kubwa imeondolewa kwenye waya wa njano unaotoka kwenye stata (koili za ndani ya injini zinazozalisha umeme) na kuunganishwa kwenye waya mweusi, yaani sasa inakula betri.

Ili jambo hilo la pili lieleweke, ni lazima nieleze jinsi umeme wa toleo hili ulivyogawanywa. Ndani ya stata mna koili zaidi ya moja, na sumaku inayozungushwa na injini hupita juu yake. Koili moja hulisha kisanduku cha CDI peke yake, hivyo cheche ya plagi haitegemei betri kabisa, na ndiyo sababu injini hii huwaka kwa kiki hata betri ikiwa imekufa. Sehemu nyingine ya stata hutoa waya mweupe unaopitia rektifaya kwenda kuchaji betri, na waya wa njano unaolisha taa kubwa kwa umeme wa kupishana, huku rektifaya ikizuia volti zisipande kupita kiasi. Honi, taa ya breki na indiketa ndizo zinazotegemea betri. Kwa hiyo nina saketi tatu za kuchunguza, na hitilafu ya moja haipaswi kutafutwa ndani ya nyingine. Pikipiki inayozimika njiani haitapona kwa kununuliwa betri.

Katikati ya Mei: betri, na umeme unaovuja usiku

Nimeitoa betri na kuichaji taratibu. Uwezo wake ni ampea 5 kwa saa, nami hutumia kanuni ya kuchaji kwa sehemu ya kumi ya uwezo, yaani nusu ampea, ili sahani za ndani zisipate joto. Baada ya kupumzishwa usiku kucha ilisoma volti 12.7, ambayo ni dalili ya betri ya risasi iliyojaa. Volti 12.2 zingemaanisha kuwa imebaki karibu nusu, na 12.0 kuwa inakaribia kwisha. Nimeiwekea mzigo wa balbu ya wati 21, na haikuanguka kwa namna ya kutia shaka. Kwa hiyo betri ni nzima, ingawa imeteswa, kwa kuwa betri ya risasi ikiachwa bila chaji kwa muda mrefu sahani zake huota chumvi ngumu inayopunguza uwezo wake moja kwa moja.

Baada ya hapo nikaifunga tena, ila multimita nikaiweka katikati ya kichwa cha hasi na waya wake, ikiwa kwenye kipimo cha ampea, na ufunguo wa pikipiki umefungwa. Pikipiki isiyo na saa wala king'ora inapaswa kusoma sifuri au karibu na sifuri. Hii ilisoma miliampea 35. Namba hiyo inaonekana ndogo, lakini kwa saa 24 ni takriban ampea 0.84 kwa saa, na betri ya ampea 5 kwa saa haiwezi kumaliza wiki katika hali hiyo. Lalamiko la kwanza lilikuwa limepata maelezo yake hapo.

Kutafuta mahali umeme unakovuja hakukuhitaji ujuzi wa ajabu. Nilichomoa soketi moja baada ya nyingine huku nikiitazama mita, na nilipochomoa soketi ya rektifaya namba ikashuka hadi sifuri. Rektifaya hiyo ndiyo ile mpya iliyonunuliwa kutibu betri. Kazi yake ni kuruhusu umeme uende upande mmoja tu, kutoka stata kwenda kwenye betri, lakini hii inaachilia kiasi fulani kirudi nyuma pikipiki inapolala.

Nilimpigia baba mdogo simu kumuuliza kama rektifaya ya zamani ilitupwa. "Mwanangu," alinijibu, "mimi situpi chuma kilichotoka kwenye ile pikipiki." Akanitumia kwa kijana wa bodaboda mfuko wenye rektifaya ya kiwandani, kisanduku cha CDI cha awali na koili ya plagi, vyote vimefungwa kwenye gazeti. Nimeipima rektifaya hiyo kwa kipimo cha dayodi (kinachoonyesha kama umeme unapita upande mmoja tu), ingawa kwa rektifaya yenye kidhibiti ndani yake kipimo hicho hakimalizi shauri, kwani sehemu nyingine za ndani hazifunguki mpaka zipate volti za kazi. Kipimo cha kuaminika ni kuifunga kwenye pikipiki. Nilipoifunga, mita ilisoma sifuri.

Hivyo basi, kifaa kizima kiliondolewa kikawekwa kibovu, na bado sababu iliyomfanya fundi aiguse rektifaya haijapatikana. Hiyo ndiyo inayofuata.

Mwisho wa Mei: taa kubwa na njia ya kurudi

Nilirudisha taa kubwa kwenye waya wa njano kama kiwanda kilivyokusudia, nikawasha injini. Mwanga ulikuwa wa kusikitisha: wekundu wa kaa kwenye mzunguko wa chini, na haukuimarika sana nilipoongeza mafuta. Sasa ninaelewa kilichomsukuma fundi wa zamani kuihamishia kwenye betri, maana kwenye betri ingeng'aa angalau kwa siku za mwanzo. Lakini balbu ya wati 35 hula karibu ampea 3, na mfumo mdogo wa kuchaji wa pikipiki hii, unaotumia nusu tu ya wimbi la umeme wa kupishana, haukubuniwa kubeba mzigo huo juu ya breki na indiketa. Betri ikaanza kupungukiwa kila safari ya usiku, ikabadilishwa, kisha ikalaumiwa rektifaya. Kila tiba ilizaa ugonjwa mwingine, na chanzo kikabaki pale pale.

Nikaweka mita kwenye volti za umeme wa kupishana na kupima kwenye balbu yenyewe, injini ikiwa katika mzunguko wa kati uliofungwa kwa skrubu ya kabureta ili usibadilike. Nilipata 9.1. Multimita ya bei ndogo hutengenezwa kwa kufikiria umeme wa nyumbani wenye wimbi laini, kwa hiyo kwenye stata namba zake ninazitumia kulinganisha tu, wala sizichukui kuwa kweli kamili. Nilipopima kati ya waya wa njano na chuma cha injini, karibu na stata, volti zilikuwa juu zaidi kwa kiasi kikubwa. Zilikuwa zinapotea njiani, na kuna njia mbili tu za kupotelea: upande wa kwenda na upande wa kurudi.

Upande wa kwenda, kutoka soketi ya stata hadi kwenye balbu, ulipoteza volti 0.3, kiasi kinachovumilika kwa nyaya zenye umri huu. Upande wa kurudi, kutoka kwenye waya wa kijani wa taa hadi kwenye chuma cha injini, ulipoteza volti 2.1. Inafaa nieleze kipimo hiki kwa sababu ndicho ambacho mafundi wengi wazuri wa barabarani hawakitumii. Kwa kawaida mtu huzima injini, huweka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani), hugusa ncha mbili za waya, na mita ikilia husema waya ni mzima. Mimi nilifanya hivyo pia kwa ajili ya kulinganisha: mita ilisoma omu 0.6, na ncha zake zilipogusanishwa zenyewe kwa zenyewe zilisoma 0.4. Tofauti ya omu 0.2 kwenye mita kama hii haina maana yoyote, na mtu angeapa kwamba hakuna tatizo. Mita ikiwa kwenye omu hupitisha umeme kidogo mno, na umeme kidogo hupita hata kwenye uzi mmoja wa shaba uliobaki au kwenye doa dogo lisiloota kutu. Tatizo hujitokeza ampea 3 zinapolazimishwa kupita hapo, na volti 2.1 kwa ampea 3 ni sawa na ukinzani wa omu 0.7. Ndiyo maana maungio hupimwa yakiwa kazini, mzigo ukiwa umewashwa, na kinachopimwa ni volti zinazopotea kati ya upande mmoja wa ungio na upande wa pili. Kwa upande wa hasi mimi sikubali zaidi ya volti 0.2.

Nikausogeza uchunguzi hatua kwa hatua. Kutoka waya wa kijani wa taa hadi kwenye fundo la nyaya za kijani chini ya tanki zilipotea volti kidogo tu. Kutoka fundo hilo hadi kwenye kichwa cha duara kinachofungwa kwa bolti kwenye fremu, karibu na koili ya plagi, kidogo tena. Kutoka kichwa hicho hadi kwenye chuma cha fremu chenyewe, sentimita chache tu, zilipotea volti 1.5, na kutoka fremu hadi injini zikapotea zilizobaki. Bolti ilikuwa imekazwa vizuri na kwa macho ilionekana safi. Nilipoifungua nilikuta kwamba fremu iliwahi kupakwa rangi upya, rangi ikapita hadi chini ya kichwa cha waya, na ukingoni mwa rangi kutu ikaota kwa unyevu. Umeme wote wa kurudi ulikuwa unapita kwenye meno machache ya bolti.

Sehemu hii moja inahudumia mengi. Umeme wa kuchaji, baada ya kupita kwenye betri, ni lazima urudi kwenye stata kupitia injini, na ukinzani uliopo hapo huuzuia kama unavyouzuia ule wa taa. Kwa hiyo lalamiko la taa na udhaifu wa chaji vilitokana na bolti moja. Indiketa nazo ziliathirika kwa njia ya mzunguko, kwa kuwa kipepesi cha zamani kinachofanya kazi kwa joto huhitaji umeme wa kutosha ili kipashe na kukatika, na betri ikiwa dhaifu, kipepesi hukaa kimya.

Nilikwangua rangi hadi chuma king'ae, nikasugua kichwa cha waya pande zote mbili, nikaweka washa yenye meno, nikakaza, na baada ya kukaza nikapaka mafuta ya mgando kwa juu ili maji yasiingie. Mafuta hayo hayapitishi umeme, kwa hiyo chuma kwa chuma kigusane kwanza. Kisha nikaongeza waya mnene wa kijani kutoka kwenye bolti ya injini moja kwa moja hadi kwenye hasi ya betri, ili umeme usitegemee tena boliti za kushikia injini zilizopakwa rangi.

Vipimo baada ya hapo: upande wa kurudi volti 0.1; kwenye balbu 11.6. Mwanga wa balbu ya uzi haupandi sawasawa na volti bali hupanda kwa kasi kubwa zaidi, kiasi kwamba balbu inayopata 9.1 badala ya 11.6 hutoa chini ya nusu ya mwanga wake. Betri, injini ikiwa katika mzunguko wa kati, ilisoma volti 14.1, na haikuvuka 14.5 nilipoongeza mafuta. Rektifaya ya zamani inafanya kazi yake.

Juni: kuzimika kwenye ukungu

Lalamiko la tatu lilihitaji subira, kwa sababu bandani injini haikuzimika hata kidogo.

Fundi jirani alipendekeza ninunue stata nyingine, akisema koili ya CDI ikipata joto hukatika ndani. Hoja yake ina msingi, maana ugonjwa huo upo na dalili zake ni hizohizo: chombo huzimika, kikipoa huwaka. Niliamua kupima. Asubuhi ya Juni hapa ni baridi ya kufanya mikono ife ganzi, na banda lilikuwa na nyuzijoto karibu 12. Koili ilisoma omu 290. Baada ya kuipanda pikipiki hadi Igawilo na kurudi kwa gia nzito, nilipima upesi kabla haijapoa, ikasoma omu 350. Mtu anaweza kushtuka kuona ongezeko la omu 60, lakini ukinzani wa shaba huongezeka kwa takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzijoto moja ya Selsiasi, kwa hiyo ongezeko la kiasi cha moja ya tano linalingana na joto la ziada la nyuzi zipatazo 50, ambalo ndilo ningelitarajia ndani ya injini iliyotoka kupanda. Koili iliyokatika ndani ingeruka hadi mwisho wa kipimo au ingechezacheza. Hii ilipanda kwa utulivu na kushuka kwa utulivu. Stata ni nzima, na fedha ya kununua nyingine imebaki mfukoni.

Nikageukia waya mweusi wenye mstari mweupe. Katika mfumo huu, ufunguo na swichi ya kuzimia injini hazikati umeme wa cheche, bali huupeleka kwenye bodi ili CDI ikose cha kufanyia kazi. Hivyo waya huo ukichubuka mahali popote na kugusa chuma, injini huzimika bila fyuzi kuungua na bila taa yoyote kuonyesha dalili. Katika mifumo ya CDI inayolishwa na betri mambo huwa kinyume, kwani huko swichi hukata moto, na aliyezoea mfumo huo anaweza kuutafuta ugonjwa huu mwaka mzima.

Nilichomoa waya huo kwenye CDI, nikafungua ufunguo, na kupima kati yake na bodi. Mita ilionyesha kwamba hakuna njia, kama inavyotakiwa. Nikageuza usukani polepole kulia: hakuna kitu. Kushoto: karibu na mwisho wa kugeuka, mita ikaonyesha omu chache, ikatulia, ikapotea tena. Nikamwita mpwa wangu aushike usukani hapo hapo huku mimi nikifungua msafara wa nyaya kwenye shingo ya fremu. Chini ya tabaka kadhaa za utepe, mahali nyaya zinapopinda, ngozi ya waya huo ilikuwa imeliwa mpaka shaba ikaonekana, na fremu mkabala wake ilikuwa na alama nyeusi ya kusuguliwa. Utepe wa zamani ulikuwa umelowa na kushika maji, na hapo ukungu wa Isyonje ukapata maelezo yake: kwenye ukavu shaba ilihitaji kugusa chuma kabisa, lakini kwenye unyevu wenye uchafu umeme wa CDI, ambao volti zake ni nyingi, ulipata njia hata pasipo kugusana vizuri. Kona za kushoto ndizo zilizokuwa zikimalizia.

Baba mdogo alipoelezwa hayo alisema ndiyo, mara nyingi ilizimika alipokuwa akikata kona kuingia kwenye vijia vya mashamba. Hakuna aliyewahi kumuuliza ilizimikia wapi.

Juni, siku zilizofuata: kufunga

Sehemu hii ilikwenda haraka. Waya wote wa shingoni umebadilishwa kwa kipande kirefu kidogo kuliko cha awali ili usivutwe usukani unapogeuka. Maungio yote yaliyosokotwa kwa mkono yamekatwa na kubanwa upya kwa vichwa vya shaba, kisha kufunikwa kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Sikulehemu kwa risasi mahali penye mtikisiko, kwa sababu risasi hupanda ndani ya nyuzi na kuufanya waya kuwa mkavu, nao hukatikia pale ukavu unapoishia. Kishikio cha fyuzi ni kipya, chenye fyuzi ya ampea 10 na ya akiba pembeni. Soketi ya waya mweupe na wa njano ilikuwa na pini moja iliyobadilika rangi kwa joto, nikaibadilisha ingawa upotevu wake ulikuwa mdogo, maana pini iliyokwisha kupata joto hulegea na kuendelea kupata joto zaidi. Kisanduku cha betri, kilicholiwa na asidi, kilioshwa kwa maji ya magadi mpaka povu likakoma, kikasuuzwa, kikapakwa rangi.

Swichi za kushoto zilifunguliwa na kusafishwa kwa spiriti. Ndani kulikuwa na kutu ya kijani juu ya shaba, na swichi ya kupunguza taa ilikuwa ikipoteza sehemu kubwa ya zile volti 0.3 za upande wa kwenda. Sasa inapoteza chini ya 0.1.

CDI na koili ya plagi zilizonunuliwa zimebaki zilipo, kwa kuwa hazina kosa. Za awali nimezirudisha kwenye gazeti lao.

Mwisho wa Juni: barabarani

Nimeipeleka Ntokela jioni na kurudi Uyole usiku, taa kubwa ikiwaka muda wote, njia ikiwa na ukungu mzito kuanzia Isyonje. Injini haikuzimika, pamoja na kwamba nilikata kona za kushoto kwa makusudi kwenye vijia vilivyolowa. Niliporudi nilipima betri kabla haijapumzika, kisha tena asubuhi: volti 12.7. Umeme unaovuja ufunguo ukiwa umefungwa ni sifuri.

Baba mdogo aliizunguka pikipiki, akapiga honi, akabonyeza breki, akatazama indiketa zikipepesa injini ikiwa katika mzunguko wa chini. "Ndaga, mwanangu," alisema, yaani asante kwa Kinyakyusa, kisha akauliza kama naweza pia kushughulikia taa ya gia huru, ambayo haijawaka tangu alipostaafu. Waya wake wa kijani hafifu wenye mstari mwekundu umekatikia karibu na swichi iliyo nyuma ya kifuniko cha sproketi, na nitaurekebisha mnyororo utakapotolewa kusafishwa.

Nimechora ramani safi ya nyaya kama zilivyo sasa, nikaiweka ndani ya nailoni chini ya kiti pamoja na orodha ya volti zinazopotea kwenye kila ungio, ili fundi yeyote atakayefuata apate mahali pa kuanzia. Vipimo vya bolti ya fremu na waya mpya wa injini vitarudiwa Novemba, mvua zitakapoanza, na tena pikipiki itakapokuwa imekula msimu mzima wa maji ya Rungwe.